Nyonga ya Mama na Akiba Isiyokatwa Kodi

Ninaikumbuka Jumapili moja ya mwanzo wa baridi, mwanangu, lakini sitaisimulia kabla ya kueleza mambo yalivyokuwa kabla yake, kwa sababu bila hayo utadhani watu ninaowataja walikuwa wapumbavu, na hawakuwa wapumbavu.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uzamili wa historia, nikiishi katika chumba cha chini cha nyumba ya dada yangu mkubwa, Nyanchama, huko Blaine, hapa Marekani. Nyanchama alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Inver Grove Heights, na kila siku ya kazi aliikata kwa gari miji hii miwili pacha iliyo katikati ya vitongoji hivyo, kutoka kaskazini hadi kusini, kisha akarudi. Mumewe, Ombati, aliendesha basi la shule. Walikuwa na binti mmoja, Kwamboka, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyekielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote.

Mama yetu, ambaye alikuwa mjane, aliishi nyumbani Nyamira. Alikuwa amewasomesha watoto wake kwa kuchuma chai katika mashamba ya watu, na mwaka mmoja kabla ya Jumapili hiyo nyonga yake ya kulia ilianza kumshinda. Daktari aliyempiga picha alisema kiungo kimelika, na kwamba asipowekewa kingine cha bandia ataishia kukaa kitini. Katika familia yetu halikuwapo swali la nani atagharimia. Nyanchama alikuwa mzaliwa wa kwanza, tena yuko Marekani. Mambo hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, mkutano wa ukoo huwa mfupi.

Sasa nieleze ule mpango wa kazini kwake, maana ndio kiini cha jambo lenyewe. Mshahara wa mfanyakazi wa hapa hukatwa kodi ya serikali kuu, kodi ya jimbo, na michango ya hifadhi ya jamii na ya matibabu ya uzeeni. Mwajiri wake alikuwa na mpango ambao kwao mfanyakazi angeweza kuchagua, kabla ya mwaka kuanza, kiasi fulani cha mshahara wake kitengwe kwa ajili ya matibabu. Kiasi hicho huondolewa kwanza, na makato ya kodi hupigwa juu ya kilichobaki. Yule ambaye hakutenga hulipia miwani yake kwa pesa iliyokwisha kupunguzwa na kodi, na yule aliyetenga hulipia miwani ileile kwa pesa ambayo kodi haikuigusa. Tofauti hiyo ndiyo faida yake, na ni faida halali, iliyowekwa na sheria yenyewe.

Lakini faida hiyo huja na masharti. Chaguo hufanywa mara moja, katika msimu wa uandikishaji wa vuli, na halibadilishwi katikati ya mwaka ila kwa sababu zinazotambuliwa, kama ndoa au kuzaliwa kwa mtoto. Pesa isiyotumika mwaka ukiisha hupotea, ijapokuwa waajiri wengine huruhusu sehemu yake ivuke mwaka au huongeza muda kidogo. Mwajiri wa dada yangu hakuruhusu lolote kati ya hayo. Sharti la mwisho ni kwamba akiba hiyo hutibu watu ambao sheria ya kodi inawatambua kuwa wa nyumba ya mfanyakazi, yaani yeye mwenyewe, mwenzi wake, watoto wake, na tegemezi wanaotimiza vigezo vilivyowekwa.

Nyanchama alisikia masharti hayo yote siku ya uandikishaji. Alipoambiwa kwamba akiba ni kwa ajili yake na wale wanaomtegemea, wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Mama. Akatenga kiasi cha juu kabisa kilichoruhusiwa. Mwaka mzima alikatwa, na mwaka mzima aliishi akijua kwamba nyonga ya Mama imekwisha kupatiwa ufumbuzi. Mdogo wetu aliyebaki Nyamira akapanga tarehe ya upasuaji katikati ya Desemba, na hospitali ikataka malipo ya kutangulia kabla Novemba haijaisha.

Mwanzoni mwa Novemba Nyanchama alipiga simu katika ofisi iliyosimamia mpango huo, akitaka tu kujua risiti za ng'ambo hutumwaje. Nilikuwa jikoni nikimsikiliza. Mwanzoni alikuwa akizungumza huku akimenya viazi. Baadaye aliweka kisu chini. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole na haikuharakisha. Ilimweleza kwamba matibabu ya ng'ambo si tatizo lenyewe. Tatizo ni mgonjwa. Mzazi ambaye si raia wa nchi hii wala mkazi wake hatambuliwi na sheria ya kodi kuwa tegemezi, hata kama kila sahani anayokula inalipiwa na bintiye, isipokuwa kama anaishi Kanada au Meksiko. Nyanchama aliuliza jambo hilo kwa njia tatu tofauti, na kwa njia zote tatu akajibiwa vilevile. Akashukuru, akakata simu, akamalizia viazi.

Hali ilikuwa hiyo, basi. Pesa ya Mama ilikuwapo, imekusanyika, na haikuweza kumfikia Mama. Mwaka ulikuwa unakwisha, na ukiisha pesa hiyo ingebaki kwa mwajiri.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na mgeni. Mwalimu Kerubo alikuwa mama wa rafiki wa Nyanchama. Aliwahi kuwa mkuu wa shule ya wasichana nyumbani, akastaafu, na sasa aliishi kwa mwanawe huko Maple Grove. Kila aliyemfahamu alimwita Mwalimu, hata mwanawe mwenyewe. Ombati ndiye aliyemfuata kwa gari baada ya ibada, kwa kuwa kutoka Maple Grove hadi Blaine hakuna anayekwenda kwa miguu, sembuse kwenye theluji.

"Karibu, Mwalimu," Ombati alisema akimpokea koti. "Umeona barafu imetangulia kukusalimia."

"Barafu sina undugu nayo. Nipe chai."

Tulikaa mezani. Mwalimu Kerubo alikula kidogo, akatazama sana. Baada ya muda akamgeukia Ombati.

"Mkwe, mbona unatafuna upande mmoja? Ule mwingine umeupangisha?"

Ombati alicheka akaweka mkono shavuni. Alikuwa na gego lililopasuka tangu Pasaka. Daktari alikuwa ametaka kutibu mzizi na kulivika kifuniko, naye akawa anaahirisha.

"Tunamngoja Mama apone kwanza," alisema. "Halafu ndio zamu yangu."

Nyanchama, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajazungumza zaidi ya ilivyolazimu, akasema kwamba Mama hatapona, kwa sababu pesa imekataa. Kisha akaeleza yote. Hakulia. Alieleza kama muuguzi anayemkabidhi mgonjwa kwa mwenzake wa zamu inayoingia.

"Mimi nilimwambia hiyo kitu ni rahisi," Ombati alisema. "Kule hospitali binamu yangu yuko kwa hesabu. Ataandika risiti na jina la Nyanchama. Ana-claim, pesa inatoka, kwisha. Nyonga ni nyonga. Nani atatoka huku aende kupima?"

Nakiri kwamba mezani hakuna aliyeshtuka. Hata mimi nililifikiria jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayepima hoja ya mwandishi asiyempenda. Ilikuwa pesa ya Nyanchama mwenyewe, kutoka jasho lake mwenyewe, na ilikuwa inakwenda kutibu.

Mwalimu Kerubo alishusha kikombe chake.

"Nyanchama, siku hiyo itakayoandikwa kwenye risiti kwamba umepasuliwa nyonga Nyamira, wewe utakuwa wapi?"

"Kazini, Mwalimu. Sikupewa likizo."

"Ukifanya nini?"

"Nikiwahudumia wazee. Nikiwainua."

"Asubuhi umepasuliwa nyonga Nyamira, jioni unainua wazee Inver Grove. Basi wewe si muuguzi, binti yangu. Wewe ni muujiza."

Kwamboka aliangua kicheko akakiziba kwa kiganja. Ombati naye alicheka, kwa uangalifu, kwa sababu ya jino.

Mwalimu Kerubo hakucheka. "Nimesimamia wasichana miaka mingi," alisema, "na najua sura ya mtu ambaye ameshaanza kukubali. Usikubali. Leseni yako ya uuguzi mama yako aliinunua kwa mgongo wake, kikapu kwa kikapu. Ukiipoteza kwa risiti ya uongo, utamwambia nini? Kwamba uliitupa ili apate kutembea? Atatembea aende wapi na aibu hiyo?"

Ombati aliinamia sahani yake.

"Na jambo la pili," Mwalimu Kerubo aliendelea, naye sasa alikuwa amemgeukia dada yangu peke yake. "Umekatwa mwaka mzima. Mwezi wa kwanza hadi huu. Hukuuliza hata mara moja kama mama anahesabiwa. Wewe si mtu wa kutouliza. Uliogopa nini?"

Nyanchama alisogeza kikombe chake kando.

"Niliona haya," akasema. "Ningeanzaje, Mwalimu? Nipigie simu mtu nisiyemjua, nimuulize kama mama yangu ni wangu?"

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi juu ya familia na juu ya sheria, na sijakutana na sentensi iliyoeleza tofauti ya dunia hizi mbili kwa ufupi kama ile.

"Lakini hilo silo swali," Mwalimu Kerubo alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Mama ni wako. Hilo hakuna ofisi inayoweza kukuongezea wala kukupunguzia. Swali lilikuwa, kanuni yenu hii inasema nini? Unawauliza habari za kanuni yao. Hukuwa unawauliza habari za mama yako. Hayo ni maswali mawili, binti yangu, na uliyachanganya, ukanyamaza kwa yote mawili."

Kisha akauliza, kana kwamba anabadilisha mazungumzo, "Hiyo akiba inatibu nani, kwa kanuni yao?"

"Mimi, Ombati na Kwamboka."

"Na ninyi watatu ni wazima?"

Ombati alikuwa na gego lake. Kwamboka alikuwa amekwisha kuandikiwa na daktari vyuma vya kunyoosha meno, navyo vikasogezwa hadi mwaka unaokuja. Nyanchama mwenyewe alikuwa akisoma maandishi ya chupa za dawa kwa kuzipeleka mbali na uso, na sote nyumbani tulijifanya hatuoni.

"Nyumba imejaa wagonjwa," Mwalimu Kerubo alisema, "na katikati ya nyumba kuna pesa ya dawa, nanyi mmeizunguka mnalia. Hayo meno ya mtoto mlikusudia kuyalipia kwa pesa gani?"

"Tuko na kitu kidogo benki," Ombati alisema. "Ya meno ya mtoto, na ya hili jino langu. Tuliiweka pembeni. Tulisema kwanza Mama..."

Hakumaliza. Niliona usoni mwake kwamba amekwisha kufika kule Mwalimu alikokuwa akimpeleka.

"Basi zibadilishane," Mwalimu Kerubo alisema. "Akiba ya kazini itibu wale inaoruhusiwa kuwatibu. Ile ya benki ilishakatwa kodi yake, haina wa kuiuliza inakwenda wapi. Hiyo iende Nyamira."

"Ni rahisi hivyo, Mwalimu?"

"Rahisi? Umeumwa tangu Pasaka, unaniambia ni rahisi?"

Safari hii hata Nyanchama alicheka. Kwamboka akauliza kwa Kiingereza kama ataruhusiwa kuchagua rangi ya vyuma, naye Mwalimu Kerubo, ambaye alikijua Kiingereza kuliko sote, akamjibu kwa Kiswahili kwamba ataruhusiwa akiomba kwa Kiswahili. Kwamboka aliomba, taratibu, akikosea hapa na pale. Akaruhusiwa zambarau.

Kesho yake Nyanchama alipiga simu ileile. Aliuliza kama jino la mume linahesabiwa, kama malipo ya mwanzo ya vyuma vya mtoto yanaweza kulipwa mwaka huu vikiwekwa mwaka huu, na kama miwani inakubaliwa. Akajibiwa kwamba vyote vinakubaliwa, mradi huduma itolewe kabla mwaka haujaisha na risiti zifike kabla ya muda wa madai kufungwa. Aliuliza pia kitu ambacho hakikumhusu tena, yaani ingekuwaje kama Mama angekuwa mkazi halali wa nchi hii na anawategemea. Akaambiwa kwamba hapo vigezo vingepimwa upya. Aliliandika jibu hilo, kisha akashuka chini akanionyesha, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwenzake alama.

Haikuwa kazi nyepesi. Kila mfanyakazi wa miji hii mwenye akiba kama ile huamka mwezi wa Desemba, na kliniki za meno hujaa. Ombati alipata nafasi kwa daktari wa mbali, kwa kuwa mtu mwingine alikuwa ameahirisha miadi yake. Vyuma viliwekwa. Miwani ikachukuliwa. Hata hivyo vyote havikuimaliza akiba. Sehemu yake ilibaki bila matumizi halali, na Nyanchama akaiacha ipotee. Ombati alishauri wanunue chochote duka la dawa linachouza ili wasimwachie mwajiri kitu. Wakanunua vilivyohitajika hadi hapakubaki cha kuhitajika, na hapo Nyanchama akasema imetosha.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, ambaye umeajiriwa juzi na umeniuliza kama vitu hivi vina maana au ni karatasi tu.

Vina maana. Mwajiri wako akikupa nafasi ya kutenga sehemu ya mshahara kabla ya kodi, usiipite kwa uvivu. Kumbuka pia kwamba nafasi hizo ni za aina nyingi na hazifanani. Ipo akiba ya matibabu kama ile ya Nyanchama, ambayo hufa na mwaka. Iko nyingine ya matibabu, inayoambatana na bima ya aina fulani, ambayo hubaki yako hata ukihama kazi. Malipo ya kulelewa kwa watoto wako wadogo ukiwa kazini yana akiba yake, na hayo usiyachanganye na matibabu, kwa kuwa pesa ya akiba moja haivuki kwenda nyingine. Mara nyingi hata sehemu yako ya malipo ya bima hutolewa kabla ya kodi. Kwa ajili ya ukamilifu niseme pia kwamba mshahara unaohesabiwa ukipungua, na mapato yanayoandikwa kwenye kumbukumbu yako ya hifadhi ya jamii, ambayo hupima pensheni yako ya uzeeni, hupungua kidogo. Kwa walio wengi faida huzidi hasara hiyo, lakini ujue kwamba ipo.

Tenga kile unachojua utakitumia, wala usitenge kwa matumaini. Kaa na mwenzi wako, kama unaye, mtazame mwaka unaokuja mwili kwa mwili. Ni nani anayehitaji miwani? Nani anatafuna upande mmoja? Mtoto wa nani atanyooshwa meno? Kiasi hicho ndicho chako. Kila ambacho ungekilipia hata hivyo, kilipie kwa pesa ambayo kodi haikuigusa, na ile iliyookoka mfukoni iwe huru kwenda unakotaka. Sehemu kubwa ya ukarimu wetu kwa nyumbani inaweza kupita katika mlango huo, bila uongo, kama alivyotuonyesha mwanamke yule akinywa chai.

Na uliza. Uliza kabla ya kuchagua, uliza katikati ya mwaka, uliza swali ambalo unaona haya kuliuliza. Sheria ya hapa ina familia yake, nyembamba kuliko yetu, nayo haikuandikwa ili kuwatukana wazazi wako. Ijue mipaka yake, ukae ndani yake kwa uaminifu, na nje yake uendelee kumpenda unayempenda. Anayekushauri ubadilishe jina kwenye risiti huenda anakutakia mema, kama Ombati alivyomtakia mkewe. Mkatalie kwa heshima.

Mungu akupe mshahara unaokutosha, akupe afya ili akiba yako isipate kazi nyingi, na akuwekee mezani, siku ile utakapokuwa umeanza kukubali jambo baya, mtu mzima mmoja asiyeogopa kukusema.

Malipo ya kutangulia yalichelewa kwa wiki mbili na hospitali ikaisogeza tarehe hadi Februari. Mama alipasuliwa. Alitembea mwenyewe hadi kanisani kwa fimbo moja, ingawa kilima cha mashamba ya chai hakukipanda tena. Nyanchama bado ni muuguzi.